Rimu Nne za Mzee Kopi

Shuleni aliitwa Mzee Kopi, na jina lenyewe lilimkaa vizuri kuliko mashati yake. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kunakili karatasi katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, chumba chenye dirisha moja, feni moja isiyozunguka, na harufu ya wino wa moto ambayo mkewe alisema imehamia hadi kwenye mto wa kulalia. Kwa miaka ishirini na saba mitihani yote ilipita mikononi mwake, na hakuna hata swali moja lililovuja. Siri ya usiri wake ilikuwa nyepesi: hakuwa akisoma. Alikuwa amejizoeza kutazama karatasi kama mtu anavyotazama ukuta. Aliangalia kama imenyooka, kama wino umekolea, kama maneno ya pembeni hayakukatwa, basi. Ukimwuliza karatasi aliyoishika ilihusu nini, alikujibu kwa fahari, "Inahusu nakala mia mbili na arobaini."

Tabia hiyo ilimletea heshima kazini. Nyumbani ilikuja kumtokea puani, lakini tusiende mbio.

Jambo la pili lililojulikana juu yake ni kwamba Mzee Kopi hakopi. Wanafunzi walikuwa wakiyaimba maneno hayo dirishani pake na kukimbia. Watu wazima waliyasema kwa adabu zaidi, lakini nao walikuwa wakicheka. Chanzo chake kilikuwa friji.

Miaka kumi na sita nyuma Mzee Kopi alichukua friji dukani kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Miezi minne alilipa vizuri. Wa tano akasahau, na wa sita akajifanya amesahau. Siku moja ya Jumapili, nyumba ikiwa imejaa wageni, wakaja wanaume watatu wenye kigari cha kubebea mizigo. Walisalimia kila mtu, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakachomoa waya ukutani, wakapakia garini mwao friji na vyote vilivyokuwamo, wakaondoka. Ndani yake kulikuwa na vikombe viwili vya maji ya matunda ambavyo binti yake wa miaka tisa alikuwa ameviweka vigande. Mtoto alilifuata lile gari hadi kwenye kona, peku, akilia mbele ya watu wote, "Barafu yangu! Barafu yangu!"

Wageni walipoondoka, mkewe alikaa akatazama mahali friji ilipokuwa. Ukutani kulikuwa na alama ya mraba mrefu, nyeupe kuliko ukuta mwingine.

"Sikopi tena," alisema Mzee Kopi.

"Andika," alisema mkewe.

Akaandika MIMI SIKOPI TENA kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa ng'ombe hasahau njia ya zizini, kesho yake akaipeleka kazini akatoa nakala ishirini. Moja ikabandikwa ukutani, katikati ya ile alama ya friji. Ya asili akaisahau juu ya kioo cha mashine, mwanafunzi akaiona, na yaliyobaki ni wimbo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na tepu ya kupimia shingoni, Jumatatu hadi Jumatatu. Mzee Kopi alimwita Mama Watoto ingawa mtoto alikuwa mmoja tu. Wingi ule ulitungwa wakiwa na matumaini, na baadaye hakuna aliyejisumbua kuurekebisha.

Baada ya miaka kadhaa ya kujibana, Mzee Kopi alinunua gari kwa pesa taslimu kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anastaafu. Lilikuwa gari dogo la rangi ya chai ya maziwa, lenye moyo mzuri na magurudumu ya aibu. Gurudumu la kwanza lilikuwa na kifuniko chake halisi. La pili lilikuwa na kifuniko cha gari la kampuni nyingine kabisa. Kifuniko cha tatu kilifungwa kwa waya ili kisikimbie, na gurudumu la nne lilikuwa tupu, chuma na kutu kama lilivyozaliwa. Kwa miaka mingi mwenyewe hakuliona hilo. Gari lilikuwa linakwenda, na yeye hakuwa mtu wa kusoma.

Kisha binti akapata mchumba.

Binti huyo sasa alikuwa mkubwa, akifanya kazi katika maabara ya hospitali, na mchumba wake alikuwa mpimaji wa ardhi, kijana mpole aliyekuja na zawadi na kauli nzuri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kuhusu siku ya harusi, nimepata gari la kukodi la kumbeba bibi harusi. Jeupe, refu. Msiwe na wasiwasi wowote."

Mzee Kopi aliweka kikombe chini. "Binti yangu anatoka kwenye nyumba yangu kwa gari langu."

"Mimi nitakwenda na Baba," binti akadakia haraka, na moyo wa baba ukafurahi. Ila mchumba alipoaga, binti alimfuata baba yake hadi nje, akasimama karibu na gari, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, kile kifuniko cha waya, kama itawezekana... lakini si lazima."

Lile "si lazima" lilimkata maini. Angesema "Baba, gari lako linanitia aibu," angemkemea na mambo yangekwisha. Lakini mtoto anayekuambia "si lazima" ni mtoto aliyekwisha kujifunza kutokutegemea. Mzee Kopi alizunguka gari lake mara tatu, na kwa mara ya kwanza akaliona. Akaapa kimoyomoyo kwamba siku ile, miezi mitano na nusu mbele, binti yake angeshuka kutoka kwenye gari la baba yake, na hakuna mtu ambaye angetazama chini akacheka.

Kesho yake akaenda kwa muuza rimu. Huyu aliitwa Polepole, kwa sababu dukani kwake kulikuwa na bango lililosema CHUKUA LEO LIPA POLEPOLE, na rimu zilitundikwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini, ziking'aa. Mzee Kopi alisimama mbele ya nne za inchi kumi na tano, zenye mikono mitano iliyopinda kidogo, na akasahau alichotaka kusema.

"Umezipenda, mzee wangu," alisema Polepole. "Hizi hazinunuliwi. Zinachukuliwa. Unaondoka nazo leo leo, pesa tutaongea polepole."

"Polepole mpaka lini?"

"Miezi kumi na tano tu."

Mzee Kopi alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa suruali. Kwa mpango huo angelipa bei ya rimu sita na kupata nne. "Na nikichelewa kulipa?"

"Ah, mzee wangu, wewe ni mtu mzima, huwezi kuchelewa. Lakini tuseme umechelewa, tunakuja na jeki na spana, tunazifungua kwa heshima kabisa. Hata kelele hatupigi."

Mzee Kopi aliwaona kabisa, wanaume watatu wenye adabu, wamepiga magoti mbele ya ukumbi wa harusi, wanaomba radhi kwa usumbufu. Akatoka jasho. "Na mtu akiweka akiba mwenyewe?"

"Kwa mshahara wa shule? Miezi kumi, kama huli."

Hapo ndipo mawazo yalipoanza kumzunguka. Akikopa, rimu zitakuja mapema na heshima itakuwa ya watu wengine. Akiweka akiba, rimu zitakuwa zake, na zitafika binti yake akiwa na ujauzito. Usiku alikuwa mtu wa kuweka, asubuhi mtu wa kukopa. Alipoosha uso alikuwa anaweka, alipofunga kamba za viatu alikuwa amekwisha kukopa.

Mwisho akakumbuka chama. Wafanyakazi wa shule walikuwa na chama chao cha kuweka na kukopa, na mhazini wake alikuwa Mwalimu wa Hesabu, mtu aliyeamini kwamba dunia ingetulia kama kila binadamu angeonyesha njia aliyotumia kupata jibu. Riba ya chama ilikuwa ndogo, na makato yalitoka moja kwa moja kwenye mshahara, kwa hiyo hata ukitaka kusahau husahau. Na tena, alijiambia Mzee Kopi, pesa za chama ni za wanachama, na mimi ni mwanachama. Kwa hiyo hapo sikopi. Najikopesha. Mtu akihamisha pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, utamwita mkopaji? Mwongo mkubwa kuliko wote ni yule anayejidanganya mwenyewe, maana hana wa kumbishia.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Fomu ya chama ilitaka mdhamini, na kwa mwanachama aliyeoa, mdhamini alikuwa mke.

Akaingia nyumbani na fomu mkononi. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mdomoni pini tatu.

"Mama Watoto, naomba sahihi yako kidogo hapa."

"Ya nini?"

"Ya rimu. Chama kinatusaidia kupata rimu. Nachukua nne."

Katika maneno hayo hapakuwa na uongo hata mmoja. Kila neno lingeweza kusimama mbele ya hakimu na kuapa. Lakini rimu ni neno lenye nyumba mbili. Mtu wa magari akilisikia huona kitu kinachong'aa ndani ya tairi. Mtu wa shule akilisikia, na mke wake pia, huona karatasi mia tano zimefungwa pamoja. Mzee Kopi alilijua hilo vizuri sana, na ndiyo sababu hakuongeza neno la pili.

"Rimu!" alisema mkewe, akatoa pini mdomoni. "Afadhali! Karatasi za kukatia mitindo zimeniishia. Juzi nimekata shingo ya gauni kwa gazeti, wino ukahamia kwenye kitambaa cha mteja. Zimekuja wakati wake."

Mzee Kopi alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Mdomo uliofungwa wakati ule ulimgharimu kuliko friji.

Mkewe alichukua fomu akaisoma, maana yeye alikuwa msomaji. Alisoma juu, akasoma katikati. "Rimu nne, inchi kumi na tano," alisema polepole. Akaivuta tepu shingoni, akapima inchi kumi na tano kwenye meza, akaitazama nafasi ile. "Karatasi pana."

"Pana kweli," alisema Mzee Kopi, akitazama dari.

"Zitafaa kwa mgongo wa koti."

"Zitafaa sana."

Mkewe akachukua kalamu akaandika. Akaandika, akaandika, akageuza mkono, akaandika tena.

"Mbona sahihi ndefu hivyo?"

"Hapa wamesema maelezo ya mdhamini. Nikisaini jambo nalisaini lote."

Akamrudishia. Mzee Kopi akatia sahihi yake chini kabisa, kwenye mstari wake, na asubuhi akaipitisha kwenye mashine apate nakala yake ya kumbukumbu. Aliiangalia kwa makini. Ilikuwa imenyooka, wino umekolea, maneno ya pembeni hayakukatwa. Akaridhika, akampelekea mhazini ile ya asili.

Mwisho wa mwezi makato yalionekana kwenye karatasi ya mshahara, na Mzee Kopi alitembea kama mtu aliyekwisha kupata rimu. Akaenda kwa Polepole kumwambia azitenge zile nne. Wiki ikapita. Mbili zikapita. Pesa haikutoka. Akamnong'oneza mhazini kwenye ukumbi wa shule, kwa kuwa jambo la siri halidaiwi kwa sauti.

"Mwalimu, lile jambo langu vipi?"

"Jambo lako linakwenda kama lilivyoandikwa, Mzee Kopi," alijibu Mwalimu wa Hesabu, na akamtazama kwa heshima mpya. "Nakupongeza. Wangekuwa wote kama wewe, chama hiki kingekuwa benki."

Mzee Kopi hakuelewa, lakini pongezi ni pongezi.

Mwezi wa pili makato yakaja, rimu hazikuja. Na nyumbani nako kukaanza. "Baba Watoto, zile rimu?" aliuliza mkewe kwa upole wote, kila Ijumaa. "Chama kimechelewa? Nije niwaulize?"

"Usije! Wewe usije!"

Siku iliyofuata alinunua rimu moja ya karatasi dukani kwa pesa yake ya chakula cha mchana, akaibeba nyumbani chini ya kwapa. Mkewe akaishukuru. Mwezi wa tatu akanunua ya pili, na wa nne ya tatu. Kufikia mwanzoni mwa mwezi wa tano, Mzee Kopi alikuwa amekonda, na pembeni ya cherehani kulikuwa na rimu nne kamili, zote za karatasi.

"Lakini hizi si za inchi kumi na tano," alisema mkewe, akiipima moja.

"Wamebadilisha saizi."

"Ah," alisema mkewe, akaendelea kukata kola.

Zilipobaki siku kumi kabla ya harusi, makato ya tano yalipokwisha kutoka, maji yalimfika shingoni. Aliingia chumba cha walimu wakati wa mapumziko, akasahau kunong'ona. "Mwalimu! Miezi mitano mnanikata na sijaona hata nati! Huu ni mkopo wa aina gani?"

Mwalimu mmoja akasema kwa mshangao, "Kumbe Kopi anakopa?"

"Mkopo?" alisema Mwalimu wa Hesabu. "Mkopo gani? Wewe unaweka." Akafungua kabati, akatoa faili, akatoa fomu, akaiweka mezani na kuigeuza imwelekee. "Soma."

Na Mzee Kopi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, alisoma karatasi saa za kazi. Ulikuwa mwandiko wa mkewe, herufi zilizosimama wima kama pini:

"Mimi mdhamini namjua mkopaji, nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na minane. Aliapa hakopi. Karatasi haina inchi kumi na tano. Nakubali akatwe mshahara, sikubali akopeshwe. Fedha ziwekwe, apewe kadiri zitakavyotimia. Mwanangu alishalia mara moja mbele ya watu, nyuma ya gari lililobeba kitu chetu. Siku ya harusi yake hatalia kwa sababu hiyo."

Chini yake, kwa chapa aliyoichapa yeye mwenyewe nakala mia tano, kulikuwa na mstari: Nimesoma na kukubali yote yaliyoandikwa hapo juu. Na juu ya mstari ule ilikaa sahihi yake, imenona, haina wasiwasi.

"Mimi nilishangaa kidogo," alisema Mwalimu wa Hesabu. "Lakini mtu amesoma, amekubali, mimi ni nani nipinge? Njia imeonyeshwa yote." Akapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Leo una bei ya rimu mbili kamili."

Mzee Kopi aliona haya hadi masikio yakamwasha. Alisoma tena, taratibu, na alipofika kwenye "mwanangu alishalia" ilibidi avue miwani aifute, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliyelisikia lile gari likiondoka, kila mwaka, kwa miaka kumi na sita.

Alifika nyumbani amejiandaa kugomba, kwa kuwa mtu aliyekamatwa hupenda kuanza yeye.

"Ulijua!"

"Baba Watoto," alisema mkewe bila kusimamisha cherehani, "mimi napima watu kwa inchi tangu sijaolewa. Karatasi ya inchi kumi na tano utaiingiza kwenye mashine ipi?"

"Na ukaniacha ninunue rimu nne za karatasi! Kwa njaa!"

"Nilikuwa nazihitaji."

"Miezi mitano hukusema neno!"

Cherehani ikasimama. "Nilisema. Niliandika. Nakala unayo kwenye mkoba wako." Akageuka akamtazama. "Kila jioni nilikuwa nasema, leo ataisoma, leo ataingia na kelele zake. Miaka yote unanakili maneno ya watu, Baba Watoto. Na yangu nayo umeyanakili tu."

Kelele alizokuja nazo zikamwishia pale mlangoni. Akavuta kigoda, akaketi karibu na miguu ya cherehani. "Nisamehe, mke wangu. Nilitaka mtoto ashuke na heshima yake."

"Hata mimi ndicho nilichotaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga ya friji nimekaa, sikai mengine."

"Sasa tunazo mbili tu. Gari lina magurudumu manne. Tunaweka mbele au nyuma?"

Mkewe alifikiri kama fundi. "Mteja akija na kitambaa kizuri kidogo na kibovu kingi, kizuri nakiweka panapoonekana. Gari lina upande, kama gauni. Mtoto atashukia mlango gani?"

Kesho yake Mzee Kopi alichukua akiba yake chamani, akamlipa Polepole pesa zote mkononi. Akachukua risiti akaisoma kwa sauti mara tatu, jina, bei, tarehe, hata namba ya simu, mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika. Harusi ilikuwa bado siku tisa, lakini Polepole alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo wakakubaliana amfungie siku moja kabla. Siku hiyo alifunga rimu zote mbili upande mmoja, mbele na nyuma, akarudi nyuma hatua tatu kutazama.

"Mzee wangu, miaka yote kazini, kitu kama hiki sijakiona."

"Umewahi kuona rimu zikitoka hapa zimelipwa zote?"

Polepole alikuna kichwa. "Hizo nazo ni chache."

Asubuhi ya harusi binti alitoka nje na gauni lake alilolishona mama yake, akazunguka gari. Upande mmoja ulikuwa unang'aa mpaka unaumiza macho. Upande mwingine ulikuwa kama zamani, kutu na kile kifuniko cha waya, ingawa waya ulikuwa mpya. Hakucheka. Alisimama tu, na uso wake ukawa wa mtoto wa miaka tisa.

"Baba, hizi ni za nani?"

"Zako, mwanangu."

"Hapana, Baba. Nauliza ni za nani. Kuna watu watakuja?"

Mzee Kopi aligusa rimu ya mbele. "Hakuna. Ndiyo maana ni mbili."

Binti akamtazama mama yake, mama akaitikia kwa kichwa. Basi akaingia garini.

Mpango ulikuwa kuingilia barabara ya chini, ili upande mzuri uwaelekee watu. Lakini mlinzi wa ukumbini alipuliza filimbi, akaonyesha kwa mkono kwamba njia ile imefungwa, zungukeni juu. Mzee Kopi alijaribu kumweleza. Mlinzi akapuliza tena. Wakazunguka, na gari likasimama mbele ya wageni wote upande wa kutu ukiwa mbele, kile kifuniko cha waya kikiwatazama wakwe ana kwa ana.

Mjomba wa bwana harusi, mtu wa sauti kubwa, alichungulia hadi upande wa pili, akarudi. "Mzee, zile rimu nyingine mbili mmezisahau nyumbani?"

Watu wakacheka. Mzee Kopi akashuka, akanyoosha koti. Ilikuwa ndiyo siku aliyoiogopa, na ilikuwa imefika jinsi hasa alivyoiogopa, na akashangaa kuona hana hofu.

"Hatujazisahau," alisema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Tunaziwekea. Hizi mbili zimelipwa. Zungukeni mkazione, ni zetu mpaka nati."

Watu wakazunguka kweli, na kicheko kikageuka kuwa cha kirafiki. Binti akafungua mlango wa upande wa kutu, akashuka hapo hapo, na bwana harusi akampa mkono.

Ndipo Polepole alipotokea getini, anahema, spana ya magurudumu mkononi. Alipita katikati ya wageni bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye rimu ya mbele, akapiga magoti na kutia spana kwenye nati.

Binti aliuachia mkono wa bwana harusi. "Baba," alisema, na sauti haikutoka vizuri.

"Zimelipwa!" Mzee Kopi alipiga ukelele ambao wanafunzi wa shule hawakuwahi kuusikia, huku akipekua mifuko yote. "Zimelipwa zote! Risiti hii hapa! Nimeisoma mara tatu!"

"Najua zimelipwa, mzee wangu," alisema Polepole, akiinua uso uliojaa jasho. "Si nimekuja kuzikaza? Rimu mpya zikishatembea kidogo, nati hukazwa tena, la sivyo zitakuacha barabarani. Nimekupigia simu asubuhi yote hupokei. Na nimekuandikia nyuma ya risiti!"

Mzee Kopi aliigeuza risiti. Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno: Ukishafungiwa, rudi kesho yake asubuhi tukaze nati.

"Nyuma," alisema mkewe, akishika ukuta ili asianguke kwa kicheko. "Baba Watoto, mbele umesoma mara tatu!"

Polepole alikaza nati ya mwisho, akafuta ile rimu kwa mkono wa shati lake, akasimama. Mzee Kopi alimshika bega akamwambia asiondoke, kuna kiti. Bibi harusi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mama yake alikuwa anayafuta kwa ncha ya tepu, maana hata siku ile alikuwa nayo, chini ya kitenge. Binti akasogea akamshika baba yake mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Baba, na barafu yangu je?"

"Hiyo pia, mwanangu," alisema Mzee Kopi, "naiwekea."